Mashavu ya Tilek

Bishkek, 11 Juni

Wifi Msomi,

Barua hii nimeificha ndani ya mfuko wa dawa kwa sababu najua wewe ndiye utakayeufungua. Mama akifika ataanza na mfuko wa peremende, awagawie watoto wa mahema ya jirani.

Kesho asubuhi anamchukua Tilek, wanapanda moja kwa moja malishoni. Daktari amekubali. Kasema hewa ya mlimani haina ubaya, alimradi dawa zifuatwe na mwezi Agosti arudi kupimwa. Mimi nilitamani akatae. Nilimkodolea macho nikimwomba akatae, hakunielewa, na mdomo wa kusema mbele ya Mama sikuwa nao. Tilek nilimzaa mimi, lakini ni mtoto wake tangu alipotimiza siku arobaini. Wazaliwa wa kwanza wa ukoo wenu wote wamelelewa na bibi zao, na kaka yako pia, ambaye sasa yuko Urusi akijenga nyumba za wengine. Tilek anamwita bibi yake Mama, na mimi ananiita Meerim, kama mtu amwitavyo dada wa dukani. Sijalalamika hata siku moja na leo silalamiki.

Nisikilize vizuri. Vidonge vyeupe ni kila asubuhi baada ya kula. Vinapungua kidogo kidogo. Nimeandika kwenye kipande cha karatasi nilichokizungushia chupa. Vya njano ni jioni. Chakula chake kikuu ni maziwa ya unga ya lile kopo kubwa. Akiyachoka, mpe wali laini, viazi, kuku wa kuchemsha. Asipewe maziwa mabichi. Asipewe kimizi hata tone, hata Mama akikuambia maziwa ya farasi yakichachuka ni dawa ya kila kitu.

Mama akiuliza ni ugonjwa gani, sema alikuwa na vidonda vya tumbo na vimepona. Ndivyo nilivyomwambia mimi.

Akienda haja, mtazame. Samahani kukupa kazi hiyo. Mtazame, kisha uniandikie.

Huko juu simu hazishiki, kwa hiyo mpe Satar barua akija na lori kuchukua maziwa. Ataifikisha Kochkor, na madereva wa teksi wataniletea hapa kiwandani ninaposhona.

Wifi yako,
Meerim


Malisho ya Kara-Kujur, 19 Juni

Wifi yangu mpendwa,

Wamefika. Tilek alitapika njiani, Mama akasema ni moshi wa lori. Satar akasema, "Lori langu halijawahi kumtapisha mtu. Labda ni hotuba zako, Mama Zuurakan. Tangu Kochkor hujafunga mdomo." Mama akamjibu kwamba angefunga mdomo kama yeye angefungua macho na kuona mashimo. Wamefika hivyo, wakigombana kwa furaha.

Nilimpokea Tilek mikononi kumshusha, nikadhani nimepokea koti. Mikono yake ni fito. Uso tu ndio umeanza kujaa.

Nafanya ulivyoniagiza. Maziwa ya unga ndiyo vita vyetu vya kila siku. Mama ananisimamia ninapoyakoroga. "Mpe mtoto mkate! Tangu lini mtoto wa Kikirgizi ananyweshwa unga wa kopo kama ndama aliyefiwa na mama yake?" Ninamwambia ni amri ya daktari. Anasema daktari huyo naye ni mwembamba, alimwona.

Tilek aliniuliza kwa nini wewe hunitaji jina, unaniita Msomi. Nikamwambia mke wa kaka hataji majina ya ndugu wa mumewe, ni heshima. Akauliza, "Hata nyumba ikiungua?"

Sasa nakuja kwenye lile jambo. Anakwenda nyuma ya mawe mara nyingi, na hukimbia ili tusimwone. Nilimfuata. Siku ile ya kwanza hakukuwa na kitu. Jana kulikuwa na damu kidogo. Aliniona nikitazama. Hakulia. Alisema, "Usimwambie Mama. Atanirudisha hospitali." Nikaahidi. Ninakuambia wewe, na sijui kama hapo nimevunja ahadi au sijavunja.

Wifi, nimesoma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya kisanduku cha dawa, maandishi yote madogo. Nimeirudia tena. Hakuna mahali inapotaja vidonda vya tumbo vilivyopona. Unanijua, mimi ni mwoga. Hata darasani najua jibu na sinyooshi mkono. Lakini hapa nanyoosha. Tilek anaumwa nini?

Wifi yako,
Jazgul


Bishkek, 26 Juni

Wifi Msomi,

Umeuliza, basi nakujibu. Isome mbali na hema.

Unaitwa ugonjwa wa Kron. Siku waliyonipa jina hilo daktari alinichorea utumbo kwenye karatasi, umejikunja kama nyoka, akapaka wino sehemu zilizochubuka. Zilikuwa nyingi. Alisema kila mwili una askari wake, na askari wa Tilek wamekosea adui, wanaupiga utumbo wake mwenyewe. Nikamwuliza atapona lini. Akaweka kalamu chini. "Unatulizwa," akasema. "Hauondoki." Nikamwuliza tena atapona lini, kana kwamba yeye ndiye hakusikia swali.

Ana miaka sita, wifi. Siku zote maana yake ni nini kwa mtu wa miaka sita?

Nilimwuliza ni chakula gani kibaya nilichompa. Akasema hakuna, chakula hakikuuleta. Kisha nikakumbuka kwamba mimi sijampa chakula chochote, amekula kwa Mama maisha yake yote, na kwa kitambo kidogo nikafurahi kwamba kosa lisingeweza kuwa langu. Tazama mtu niliye.

Utaniuliza kwa nini nimemficha Mama. Baada ya mume wangu Mama alizaa mtoto mwingine, Azamat. Alifia malishoni kwa kuhara, akiwa na umri kama huu wa Tilek. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mama hamtaji, na wewe usimtaje. Halafu wajua desturi: habari nzito haimwendei mzee hivihivi. Wazee wenzake huja, huketi, humshika mikono, ndipo huambiwa. Mimi ningemtuma nani? Ningemwambia kwenye korido ya hospitali, kati ya ndoo na mlango wa choo?

Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Kuna nyingine, nayo nakuandikia wewe tu. Naogopa akijua atanirudishia. Atasema, mtoto wa hospitali alelewe na mama wa mjini. Na mimi sijui kumlea. Alipolazwa nilikaa naye wodini, akalia usiku kucha akimwita Mama, mimi nikiwa nimemkumbatia. Sikujua hata kwamba hulala upande wa kushoto. Nesi ndiye aliyeniambia.

Sasa hili ndilo kubwa, lisome tena na tena. Vidonge vyeupe visiachwe ghafla kwa sababu yoyote ile. Mwili hujitengenezea dawa kama hiyo wenyewe, ndiyo inayoupa nguvu. Ukipewa ya nje, huacha kutengeneza yake, hulala. Ukiiondoa ghafla mtoto hubaki bila ya nje wala ya ndani. Hulegea, hutapika, husinzia, na anaweza asiamke. Daktari aliyasema hayo kwa sauti tulivu kama mwalimu anayeita majina asubuhi.

Mama asijue. Mwezi Agosti nitamwambia mwenyewe, nikipata ujasiri.

Meerim


Kara-Kujur, 27 Juni

Wifi yangu mpendwa,

Jibu lako bado sijalipata. Satar hajapanda, mto umekula kipande cha barabara. Barua hii nampa mchungaji anayeshuka Kochkor kwa farasi, kwa kuwa nina habari njema na siwezi kuikalia. Tilek amenenepa!

Mashavu yake yamekuwa mviringo kama mkate ulioumuka. Wanawake wanavuka kijito kuja kumtazama. Bi Kalipa alimbana shavu akasema, "Zuurakan, huyu umemlisha nini, kondoo mzima?" Mama akatema mate pembeni kukinga jicho baya. "Tfu, tfu. Mbona mbaya huyu, hana hata sura." Lakini alikuwa anang'aa kama sufuria iliyosuguliwa.

Na anavyokula, wifi! Anaamka akidai. "Mama, nina njaa." Hakuna neno Mama analolipenda duniani kuliko hilo. Maziwa ya unga ameyaweka nyuma ya masanduku.

Wiki iliyopita alichinja kondoo wa shukrani. Watu wakala, mikono ikainuliwa, dua ikasomwa. Baada ya dua Mama akasema mbele ya wote, "Dawa imefanya kazi yake, tunaishukuru. Sasa ipumzike. Farasi akishafika huvuliwa tandiko." Akaufunga mfuko wa dawa akautundika juu, kwenye fito za hema. Tangu hapo Tilek anakunywa kimizi, kikombe kidogo asubuhi na kingine jioni, kama wagonjwa wote wa mjini wanaopanda huku kila kiangazi. Mama anasema kimizi na dawa ya duka havikai tumbo moja.

Nilisema, "Mama, wifi alikataza kimizi." Akasema, "Wifi yako anakijua kimizi cha chupa, kile cha sokoni. Hicho hata mimi nakikataza." Watu wote wakacheka. Nikainama nikaanza kukusanya mabakuli. Nilikuwa nataka kusema pia habari ya ile karatasi uliyozungushia chupa, kwamba vidonge vilitakiwa kupungua polepole. Lakini si ulisema vidonda vimepona? Na mashavu ndiyo hayo, kila mtu anayaona.

Damu sijaiona tena. Leo tu amechoka kidogo, hakutaka kupanda farasi. Mama anasema ni shibe.

Wifi yako mwenye furaha,
Jazgul


Bishkek, 2 Julai

Jazgul,

Ndiyo, nimekuita jina, ukoo mzima unisamehe. Nyumba inaungua.

Mrudishieni vidonge vyeupe. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Kiasi kilekile alichokuwa anameza alipoachishwa. Akikitapika mpe kingine, na mumshushe hospitali hata akionekana mzima.

Barua yako ya tarehe 27 nimeipata leo asubuhi. Yangu sijui imekwama wapi. Nilidanganya, vidonda havijapona. Mwambie Mama, msomee kila nilichoandika, hata yale niliyokuandikia wewe peke yako. Na mashavu yale si afya! Ni dawa. Dawa ile huvimbisha uso na kuleta njaa. Daktari alinionya, na mimi sikuwaambia kwa sababu nilidhani ni jambo dogo la sura. Nilidhani mtacheka tu.

Nimeacha nguo ya mtu kwenye cherehani, sindano ikiwa bado ndani. Barua hii ninampa dereva wa teksi ya Kochkor, na mimi mwenyewe ninapanda teksi hiyohiyo, kwa hiyo sijui ninaiandika ya nini. Labda mikono ipate kazi. Ninaogopa kuipumzisha.

Meerim


Kara-Kujur, 2 Julai

Wifi,

Ukiipata hii utakuwa unajua zaidi yangu. Mimi sijui kitu. Ninaandika kwa sababu hema ni tupu.

Juzi alianza kutapika. Mama alisema kimizi kinasafisha, ndivyo kinavyoanza kwa watu wote. Jana hakuinuka. Leo asubuhi nilimwita akafungua macho, akanitazama kama anayemtazama mtu aliye mbali sana, akayafumba tena. Uso wake ulikuwa bado mviringo, mashavu yaleyale, ila rangi ya majivu. Nadhani hilo ndilo lililotutisha kuliko yote. Mashavu yapo, mtoto hayupo.

Ndipo Satar akafika. Wamejaza mawe pale mto ulipokata barabara. Alishuka na barua yako mkononi, anatania kama kawaida, "Posta imefika, chai iko wapi?" Akaona nyuso zetu, akavua kofia.

Niliisomea nyuma ya zizi la ndama. Nilipofika pale ulipoandika "anaweza asiamke" sikumalizia. Chini yake niliona umeandika Mama asijue. Wifi, nisamehe, au usinisamehe, mimi nilirudi hemani.

Mama alikuwa ameketi amempakata. Sikujua nianze vipi. Nilikumbuka wazee walivyofanya walipokuja kumwambia Bi Kalipa habari za mwanawe. Nikapiga magoti mbele yake, nikaishika mikono yake yote miwili. Mama akanitazama, uso ukampauka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama."

"Usinidanganye! Mtu hashikwi mikono hivi bure. Ni kaka yako? Ameanguka huko Urusi? Sema!"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Ni Tilek. Hajapona. Ugonjwa wake hauondoki."

Nikamwambia. Nilianza kwa sauti ile yangu ya darasani, na Satar aliyekuwa mlangoni akasema, "Paza sauti, binti, mama yako hasikii." Nikapaza. Askari waliokosea adui, utumbo, dawa, mwili unaolala. Nilipofika kwenye vidonge vyeupe Mama aliinyofoa mikono yake na nikafumba macho, nikidhani ananipiga. Alijipiga yeye, kifuani, kwa ngumi.

"Nimemvua tandiko," alisema. "Nimemvua tandiko katikati ya mto."

Halafu akasimama, na sijawahi kumwona akisimama upesi hivyo. "Satar! Mwaga maziwa!"

"Mama Zuurakan, maziwa haya ni ya watu..."

"Mwaga nimesema! Watu nitawajibu mimi. Lori jepesi hukimbia."

Wakamwaga, wao wawili, pipa baada ya pipa. Yaliteremka kwenye majani hadi kijitoni na mbwa wote wakaja. Mimi nilipanda juu ya sanduku nikaushusha mfuko wa dawa. Nilimpa kidonge kwa kijiko cha maji, akakitapika. Nikampa kingine, nadhani kilikaa, sina hakika. Mfuko wote nimempa Mama, na barua yako ndani yake, kwa sababu madaktari watataka kujua jina na mimi niliogopa atalisahau. Ameichukua barua yote, wifi. Hata ule ukurasa wa Azamat. Hata ule wa kukurudishia mtoto.

Alipokuwa anampandisha garini alimwita Azamat. "Twende, Azamat, twende baba." Alimwita hivyo tena mlango ulipofungwa. Sidhani alisikia alichokisema.

Satar amesema atakupigia simu mara tu akifika penye mtandao. Nimelitazama vumbi la lori mpaka likaisha. Bi Kalipa amekuja kukaa nami, anasema nile. Ninamwomba Mungu kwa maneno ninayoyajua, nayo si mengi.

Jazgul


Kochkor, 4 Julai

Jazgul,

Mtoto yuko hai. Nimeanza na hilo, maana nyie wasomi mngeanza na hali ya hewa.

Walimchoma sindano mlangoni kabla hata ya kuniuliza jina. Wakamtundikia maji. Jioni alifungua macho akaniambia ninanuka maziwa. Daktari wa hapa anasema tumewahi, na kwamba saa chache zaidi zingekuwa nyingi mno. Hajasema amepona. Nimeshajua kwamba hakuna atakayelisema neno hilo, kwa hiyo nimeacha kulingoja.

Farasi majike wakamuliwe na Kalipa mpaka nirudi. Yule mwekundu anapiga teke, usimkaribie ukiwa na mawazo. Kimizi kilichomo kwenye kiriba kinyweni na wageni. Kimizi hakina kosa. Kuhusu maziwa, wenyewe walikuja hapa hospitali nikaongea nao, walimfahamu Azamat, hawakuniacha nimalize.

Wifi yako aliingia jua likiwa bado juu. Akasimama mlangoni mwa wodi kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikamwambia, "Wewe mwanamke, ulimfunga mtu mzima kitambaa machoni, kisha ukampa mtoto ambebe." Akasema, "Ndiyo, Mama." Nikamwambia hiyo "ndiyo, Mama" yake ndiyo iliyotufikisha hapa. Basi akainua uso, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akaniuliza: "Na ningekuambia, Mama, ungenisikia?"

Nilifikiri. Nilimjibu kwamba sijui. Ni kweli, sijui. Niliyaona mashavu nikaona afya, kwa sababu Azamat alikufa amekonda, na mimi tangu siku ile adui yangu ni wembamba. Daktari angeniambia nini mbele ya hilo?

Barua yake nimeisoma yote. Nikamwambia, "Mchukue mtoto wako." Akalia. Anasema hajui kumlea, alijua kumzaa tu. Nikamwambia, huyu hakuna anayejua kumlea. Mimi niliyelea wengi nimebakiza kidogo nimuue kwa vikombe. Tumegombana hapo kwa muda mrefu, kila mmoja anamsukumia mwenzake mtoto na hakuna anayemwachia mkono. Nesi akatufukuza.

Tumekubaliana hivi. Vuli nikishusha mifugo, farasi watakwenda kwa mjomba wako, nami nitashuka Bishkek nikae na wifi yako katika chumba chake cha ghorofa ya nne. Wewe utasoma shule ya hukohuko. Nimeambiwa maji yanatoka ukutani. Tutaona.

Ulinishika mikono vizuri. Wazee wengine hawajui kushika hivyo. Lakini usilitangaze.

Mama yako,
Zuurakan


Kochkor, 7 Julai

Wifi Msomi,

Nimerudi kukuita hivi, nyumba imepoa kidogo. Kidogo tu. Bado naogopa. Kila akigeuka kitandani moyo wangu unasimama kumtazama. Kesho wanatuhamishia Bishkek, na damu yake inapimwa kila asubuhi, na mimi huusoma uso wa daktari kabla hajaisoma karatasi. Nadhani ndivyo nitakavyoishi sasa. Mama anasema mtu huzoea. Nilimwuliza kama yeye alizoea, akaenda kuchota maji ya moto.

Nataka nikuandikie jambo la leo mchana, kabla halijanipotea.

Mama alikuwa anamenya kiazi cha kuchemsha, kidogo kidogo, akiondoa kila doa kwa ncha ya kisu. Mimi nilikuwa naye dirishani, nikimnong'oneza alichosema nesi. Tilek tulidhani amelala. Akasema, "Mbona mkinong'ona mnaniangalia tumbo?"

Mama akanitazama. Nilielewa kwamba ananiachia mimi. Na wifi, mdomo wangu ulikuwa tayari na lile neno. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi, laini kabisa: umepona. Ingekuwa rahisi sana.

Nikaenda nikaketi kitandani kwake, upande wa kushoto. Nikamwambia, "Tumbo lako lina ugonjwa unaoitwa Kron. Ndio ulioleta damu. Dawa zinaulaza, na sisi tutaziangalia vizuri kuliko tulivyoziangalia. Siku nyingine ugonjwa utaamka tena, utakuuma, na tutaulaza tena."

"Mpaka lini?"

"Siku zote."

"Mpaka niingie darasa la kwanza?"

"Na baada ya hapo."

Akafikiri. "Nikioa je?"

"Utakuwa nao ukioa."

Mama alikuwa ameacha kumenya. Mkono wenye kisu umesimama hewani.

"Na nikiwa babu? Nina ndevu, nina fimbo?"

"Hata ukiwa babu mwenye ndevu na fimbo," nikasema, "bado utameza vidonge. Wajukuu watakuletea maji."

Nilijiambia, hapo nimemvunja, ni mtoto wa miaka sita na nimemtwisha mzigo wa mzee. Nilitaka kuyarudisha maneno mdomoni. Ndipo nikaona mabega yake, wifi, yale mabega aliyoyakaza tangu alipolazwa mwezi wa tano mpaka nikadhani ndivyo alivyoumbwa. Yalishuka. Aliegemea mto, akageuza kichwa kumtafuta Mama, akamwambia kwa mshangao, kama mtu aliyekuwa ameambiwa jambo jingine kabisa:

"Mama, umesikia? Kumbe nitakuwa babu."

Wifi yako,
Meerim